Mtafute Ali

Madaftari ya madeni ya mjomba wangu yananuka dagaa, mafuta ya taa na ubani, kwa mpangilio huo, kuanzia jalada kwenda ndani. Yako matatu. La kwanza limefungwa kwa mpira wa baiskeli. La pili lina duara la kikombe cha kahawa kila baada ya kurasa tano au sita. La tatu lilianza maisha yake kama daftari la hesabu la binti yake wa darasa la nne, ndiyo maana deni la kilo mbili za sembe limekaa chini ya 7 mara 8 ni 54, na mwalimu kapiga mkasi juu yake. Mdaiwa yule mpaka leo hudai kwamba mkasi ule ulipigwa kwenye deni.

Niliingia Pujini wiki mbili kabla ya Idi kubwa, nikitokea Dar es Salaam na laptopu mgongoni. Kosa langu lilikuwa kuifungua barazani. Kijana anayefungua laptopu mbele ya wazee hana tofauti na daktari aliyetaja kazi yake ndani ya daladala: kila mtu ana kidonda chake cha kumwonyesha. Kahawa ya pili haijamiminwa, mjomba keshauliza.

"Babu, hiyo mashine yako yaweza kutafuta mtu?"

Babu ni mimi. Nimerithi jina la babu yangu mzaa mama, na kwa adabu za kwetu hakuna aliyethubutu kuniita kwa jina hilo nikiwa na kamasi, basi nimekuwa Babu tangu siku ya arubaini.

"Yaweza kutafuta chochote, mjomba."

"Hata deni?"

"Deni ndilo jepesi kuliko yote."

Maneno hayo matano yalinila siku kumi na moja za likizo.

Kwa asiyeijua Pujini: ni kijiji kilicho kusini mashariki ya mji wa Chake Chake, mwendo wa kama kilomita 10, kwenye mabonde ya mpunga yanayoteremka hadi mikokoni. Wageni wanaokuja kwetu hawatufuati sisi. Wanafuata magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye jina lake lenyewe linatisha: kukama ni kukamua, na waliokamwa ni wanaume. Husimuliwa kwamba waliombebea mawe ya kujengea aliwalazimisha kuyabeba huku wakisota kwa makalio. Mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alikuja akachimba pale miaka mingi baadaye kujua mambo yalikuwaje. Wateja wa mjomba hawakuona haja ya kuchimba. Wanasema Mkama Ndume hakufa, alifungua duka.

Sasa madaftari. Mjomba haandiki kwa safu, jina huku, bidhaa huku, bei huku. Mjomba huandika insha. Alifundishwa na maalim mmoja wa zamani aliyeshikilia kwamba kila kinachoandikwa kimekwisha tokea, kwa hiyo sharti kiandikwe kwa wakati uliopita. Mjomba akisema ni Mpemba timamu: kaja, katwaa, kenda zake. Akishika kalamu hugeuka sheha anayepeleka ripoti wilayani: "Alikuja jioni, alichukua sukari kilo moja, alisema atalipa msimu wa karafuu." Nani huyo? Jina limo humo humo, pengine mwanzoni, pengine katikati, pengine limepandishwa pambizoni kama abiria aliyechelewa gari.

Tulichapa siku tisa, mimi na binamu yangu. Mimi nilishika madaftari mawili mapya, yeye akashika lile kongwe la mpira wa baiskeli. Kila mstari wa daftari ukawa mstari wa jedwali, na insha ya mjomba ikaingia nzima nzima kwenye safu tuliyoiita "maelezo", pamoja na namba ya simu ya mdaiwa tukiijua. Tulichapa kwa herufi ndogo tupu kwa sababu kitufe cha herufi kubwa kilikufa siku nilipokimwagia chai. Umeme wetu hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na katika siku hizo tisa ulituaga mara mbili. Mara kwa mara binamu alikuwa akicheka peke yake juu ya daftari lake. Nikimuuliza anacheka nini, anasema vumbi.

Kanzidata yenyewe ilikuwa MySQL, ya bure, iliyoanza mwaka 1995. Mjomba alitaka kujua mwenyewe ni nani, kwani hawezi kutia siri za duka ndani ya kitu kisicho na ukoo. Nikamwambia kuwa mmoja wa walioitengeneza ni Mfini, Michael Widenius, na hilo "My" ni jina la binti yake. Na alipotengeneza nyingine akaiita MariaDB kwa jina la binti yake mdogo. Mjomba akatulia. Mtu anayekipa chombo jina la mwanawe, kwa hesabu za Pemba, hakusudii kizame.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri baraza lilijaa. Nikaeleza kwa sauti ya mtu aliyelipwa: kuna amri iitwayo INSTR. Unaipa maandishi, unaipa na kipande unachokitafuta, nayo hukujibu kwa namba kwamba kipande chako kinaanzia herufi ya ngapi. Kama hakimo, hukujibu sifuri.

"Inahesabu kuanzia ngapi?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa mpimaji wa karafuu.

Nikakiri kwamba lugha nyingi za kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, ila hii huanza na moja.

"Afadhali," akasema. "Pishi ya kwanza ukiiita sifuri, umeshaniibia."

Mjomba akakohoa. "Haya. Mtafute Ali."

Baraza zima likacheka, binamu akacheka kuliko wote mpaka akamwaga kahawa. Nami nikacheka. Mtu akikaa mjini muda mrefu hujifunza kucheka kwanza, sababu akaiulizia baadaye.

Nikaandika. Nikabonyeza. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Zikateremka mpaka chini ya kioo kama trei la mayai.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kusema... Ali hadaiwi, mjomba."

"Na Juma?"

Sifuri toka juu hadi chini.

"Kombo? Said? Faki?"

Mayai matupu. Mzee wa karafuu, ambaye kwa ushahidi wa maduara mawili ya kahawa ana deni la tangu msimu wa kabla ya msimu uliopita, akasimama, akaushika mkono wa mjomba kwa mikono yake miwili na kusema kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Mola akulipe kheri. Umetusamehe." Kisha akaondoka haraka kwa mtu wa umri wake.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa dogo la kutia aibu. Katika MySQL kuna amri mbili zinazofanya kazi ile ile moja. INSTR hutaka maandishi kwanza, kipande baadaye. LOCATE hutaka kipande kwanza, maandishi baadaye. Hakuna tofauti nyingine ukizitumia hivyo. Kwa nini? Msomaji, ndani ya magofu ya Mkama Ndume mna kisima. Husimuliwa kwamba mtawala alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, akajenga ukuta kukigawa kisima kati ili kila mmoja ateke kwa upande wake wasikutane. Maji ni yale yale. INSTR na LOCATE ndio wale bibi wawili. Na ukitoka nje ya boma hili unakuta vitongoji vyote vimerithi ugomvi huo: CHARINDEX ya Microsoft SQL Server hutaka kipande kwanza, strpos ya PostgreSQL hutaka maandishi kwanza. Iko na POSITION, ambayo hutenganisha viwili hivyo kwa neno dogo la Kiingereza lenye maana ya "ndani ya" ili mtu asikosee, na kwa sababu hiyo hiyo sisi wajuaji hatuitumii. Mimi kazini Dar nimezoea upande wa LOCATE. Siku ile mbele ya wazee nikaitupa ndoo ya LOCATE upande wa INSTR. Sikuwa namtafuta Ali ndani ya daftari. Nilikuwa nalitafuta daftari ndani ya Ali, yaani ngalawa ndani ya dagaa, na mashine ikanijibu kwa ukweli wake kwamba ngalawa hamna.

Nilipogundua ilikuwa saa nne usiku. Habari ya msamaha ilikuwa imeshafika kijiji cha Vitongoji.

Asubuhi nilikuta mstari wa watu mbele ya duka. Mmoja kaleta mkungu wa mkono wa tembo kwa shukrani. Mwingine kaja na kibuyu cha asali. Watatu hawakuja na kitu, walikuja kukopa upya, kwa kuwa sasa wana daftari safi. Mjomba alisimama nyuma ya mizani akiwa amejikunja kama mtu aliyeumwa na tandu mahali pasipotajika. Hawezi kusema hakusamehe, kwa sababu mtu amemwombea dua hadharani. Na hawezi kusema amesamehe, kwa sababu ni mjomba.

"Babu," aliniita pembeni, "leo kabla ya adhuhuri hiyo mashine inipatie watu wangu."

Nikageuza. Maandishi kwanza, kipande baadaye. Mtafute Ali. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli, kwani jana ilikuwa mzaha.

Ali alikuwemo kila mahali. Mistari michache mno ilitoa sifuri. Mingine yote ilitoa namba, na nyingi zilikuwa moja, yaani Ali ndiye aliyeanza mstari. Binamu, ambaye alikuwa amekaa nyuma yangu na simu mkononi akingojea kusaidia, aliuona wingi ule akaupokea kama ushindi. Kabla sijazigeukia zile insha kuzisoma, alikwisha chukua namba zote za simu na kuzitumia ujumbe mmoja: "Ndugu Ali, unakumbushwa deni lako dukani. Ahsante."

Ulifika kwa imamu. Ulifika kwa mkunga. Ulifika kwa kijana wa bodaboda anayeitwa Juma na kwa wakeze wawili, ambao kila mmoja alidhani mwenzake ana mtu wa siri. Simu yangu nayo ililia mfukoni na ujumbe ule ule. Nikadhani binamu ananijaribishia mtandao. Mjomba mwenyewe aliupata, kwa kuwa huwa anajikopesha sigara na kuandika kwa uaminifu, "Mwenye duka alichukua mbili." Na ulifika kwa bibi yangu, ambaye amo daftarini kwa ubani wa mia mbili.

Bibi alikuja kwa miguu, kanga mbili, simu kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Hakulitaja jina. Katika ndoa yote na marehemu babu hakuwahi kumtaja kwa jina lake, na hakuwa tayari kuanza kwa ajili ya ujumbe wa simu. Alilisonta tu kwa kidole kwenye kioo.

"Mie," akasema, "ndiye huyu?"

Nilisoma ile mistari mmoja mmoja huku jasho likinitoka, na mstari wa tatu ukanifungua macho. Alikuja. Alichukua. Alisema. Atalipa. Hebu msomaji itazame tena insha ile ya sukari kilo moja: Ali amo humo mara nne, na hakuna mtu aitwaye Ali. Maalim yule wa zamani na wakati wake uliopita alikuwa amemtia Ali ndani ya kila kitendo kilichowahi kufanyika Pujini. Kila aliyekula, aliyelala, aliyeoa na aliyeacha, ana Ali mdomoni. Na si vitendo peke yake. Mwalimu ana Ali kuanzia herufi ya tatu. Wali una Ali, wa pili. Serikali, wa sita. Ukimwomba mtu kwa adabu, tafadhali, Ali yuko wa saba. Hata swali lenyewe, unapoiuliza mashine swali, Ali kashatangulia ndani ya swali.

Nilipojaribu majina mengine nikakuta ni ukoo mzima. Juma alikuwa kwenye kila deni la Jumamosi, Jumapili na Jumanne. Said alikuwa ndani ya "msaidie". Kombo, jina la Kipemba lisilo na makuu, alikutwa amejificha ndani ya "mkombozi", kwenye deni la mama mmoja aliyemwita mjomba mkombozi wake siku alipopewa mchele. Mzee mmoja aliniuliza, na asiye na jina je? Nikaiuliza kipande kitupu, alama za kunukuu bila kitu ndani. Ikajibu moja kwa kila mstari, daftari zima. Asiye na jina yumo kila mahali, na ni wa kwanza. Mzee akavuta kanzu yake na kuhama upande wa pili wa baraza.

Sisi wenye lugha hii hatuwezi kujifanya hatukujua. Mtoto wa shule akitaka maana ya "alilipa", akafungua herufi A katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI ya 1981, hataipata hata akikesha. Lazima aondoe a, aondoe li, ndipo aende herufi L. Hufanya hivyo kichwani bila kufundishwa. Mashine haifanyi. Inaona a, inaona l, inaona i, inasema mtu wako huyu hapa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili, akaiita SALAMA, nayo inajua kwamba a ni mtu, li ni jana, na lipa ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo Mfini mmoja katupa ugonjwa na Mfini mwingine katupa dawa, na mimi nikaja Pujini na ugonjwa peke yake.

Tena hatuko peke yetu. Mwaka 1996 wakaazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, walishindwa kujisajili kwenye huduma ya AOL kwa sababu chujio la matusi lilikuta ndani ya jina la mji wao, kuanzia herufi ya pili, neno ambalo siliandiki. Bibi husomewa ninachoandika. Walikuwa hawajatukana. Wamezaliwa tu mahali penye herufi mbaya.

Nilimsimulia bibi kisa hicho usiku ule baada ya isha ili nimpoze. Nilitaka aelewe kwamba mashine haina nia mbaya, haielewi maana, inaona herufi tu. Na hapa nitaeleza kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo nalijutia hadi leo.

"Kwa mfano, bibi," nikasema, "nikiiuliza kama ndani ya Pujini mna jini..."

Nikaandika Pujini. Nikaandika jini. Nikabonyeza.

Ikajibu 3.

Taa ya chumba ilikuwa hafifu. Nje popo alikuwa anahangaika na mwembe. Bibi aliitazama ile tatu kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa cheti cha hospitali kinachosema yale yale aliyoyasema yeye tangu mwanzo.

"Nilikuwa nalijua," akasema. "Ila sikujua la ngapi."

Asubuhi ilipofika deni lilikuwa limesahauliwa. Sasa walikuja kwangu. Nyie mnaotucheka huko Unguja na bara kwamba Pemba ni kisiwa cha waganga, nakuombeni mnione pale: msomi mwenye shahada, nimekaa kwenye mkeka, laptopu mapajani, watu wanasubiri zamu wamevua viatu. Mmoja kaleta jina la shemeji yake limeandikwa kwenye karatasi ya dawa, nimtazamie. Sifuri. Hakuamini, akaniomba nilitazame na la baba wa shemeji. Mama mmoja akauliza kama mwaka jana jini lilikuwa la ngapi, ili ajue linasogea au limekaa. Nikasema limekaa, mama, tangu jina liandikwe. Akasema basi si baya sana.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeuliza la maana. "Na tukiandika anwani kamili?"

Nikaandika: Chake Chake, Pujini. Ikajibu 16.

Kukapita mnong'ono wa faraja. Kutoka 3 hadi 16! Limekwenda mbali. Tangu siku ile nasikia watu wa kwetu wakijaza fomu yoyote hutaja Chake Chake kwanza, kwa nukta na mkato wake, na wasipopewa nafasi ya kutosha hugoma.

Nilitumia nafasi hiyo kuwaonyesha jingine, maana mwalimu aliyepata wanafunzi hajizuii. Ukiitafuta "Chake" ndani ya Chake Chake, mashine itakujibu 1, itanyamaza. Kuna Chake ya pili, kila mtu anaiona, lakini yenyewe ikishapata ya kwanza huketi. Sharti uiambie kwa LOCATE, anza kutafuta kuanzia herufi ya pili, ndipo ikupe 7. Mjomba, ambaye siku zote hizo alikuwa ananuna nyuma ya mizani, aliinua kichwa aliposikia hilo.

"Kumbe ni kama mdaiwa," akasema. "Hatoi la pili mpaka umsukume."

Nikaona angalau kaanza kuelewa, nikarudi kwenye kazi yake. Wazo la kwanza lilikuwa kuweka nafasi tupu huku na huku: nisitafute ali, nitafute ali aliyezungukwa na nafasi, neno zima lililosimama peke yake. Alikuja, alichukua na wenzao wakaanguka wote mara moja, nikashangilia. Lakini akaanguka na kila Ali aliyefuatwa na mkato, na kila Ali aliyeanza mstari, kwani mbele yake hamna nafasi, mna ukingo. Nikaacha ujanja wa dukani, nikatumia amri ya kikubwa. MySQL kuanzia toleo la 8 ina REGEXP_INSTR, ambayo unaweza kuipa alama ya mpaka wa neno, nayo inajua kwamba mkato ni mpaka, nukta ni mpaka, na mwanzo wa mstari pia ni mpaka.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Arafa. Mjomba kakaa kushoto kwangu, binamu kulia, bibi kajilaza kitandani anajifanya amelala. Mtafute Ali.

Mistari mitatu.

"Soma," akasema mjomba.

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa pweza aliyehamia Maskati na deni la betri mbili za tochi. Mjomba akapunga mkono: huyo kamwachia bahari. Wa pili alikwisha lipa, mjomba alisahau kukata mstari. Wa tatu ulitoka kwenye daftari la mpira wa baiskeli, lile ambalo sikulichapa mimi, na namba yake ilikuwa moja:

"ali mtoto wa dada alichukua soda moja na biskuti pakiti mbili, alisema atalipa akipata kazi dar es salaam. 2009. shilingi 900. chupa hakurudisha."

Binamu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Kitanda cha bibi kilikuwa kinatikisika.

Nilijaribu kujitetea kwamba Pujini ina Ali wengi na kila Ali ana mama mwenye kaka. Mjomba akaniuliza ni Ali gani mwingine aliyeipata ile simu akaiweka tena mfukoni. Nikanyamaza. Siku tisa nilichapa madeni ya watu, ya kumi nikawaaibisha, ya kumi na moja nikawatoa jini, na muda wote huo alichokuwa anakitaka mzee ni kunifanya nijitafute mwenyewe mbele ya mashahidi. Nikatoa noti ya elfu moja. Mjomba ni mtu wa dini, riba hali, alinirudishia mia.

Kabla hajaandika, nikamweleza kitu ambacho nilikiona usiku ule na ambacho nilidhani kitampendeza. Atalipa ina Ali ndani yake, kuanzia herufi ya tatu. Nitalipa ina Ali, ya nne. Hajalipa pia, ya nne. Lakini "amelipa" haina. Mtu akishalipa, Ali hutoka mwenyewe, na mashine hujibu sifuri. Nikamwambia, mjomba, andika amelipa, mstari wangu wa leo uwe safi.

Mjomba alilifungua lile daftari kongwe, akalitafuta deni bila mashine, akalipata kwa kidole. Akailamba kalamu. Akaandika pole pole, kwa hati ya maalim wake: "Amelipa. Chupa atalipa."

Nikaichapa hivyo hivyo kama ilivyo, nikaiuliza INSTR, maandishi kwanza, kipande baadaye. Ikajibu 18.